Bangi "kidogo" nayo ni kosa

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kasulu, kuna ujumbe usiokufa: eti msokoto mmoja wa kuvuta mwenyewe si kosa. Si kweli. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, Sura ya 95, inakataza hata kupatikana na kiasi kidogo. Udogo hupunguza uzito wa adhabu, haufuti kosa. Isome mtandaoni au muulize wakili.

Mkanganyiko unaeleweka. Ureno iliondoa jinai kwa kiasi cha matumizi binafsi mwaka 2001 (katazo likabaki), na Afrika Kusini mahakama iliruhusu bangi ya faraghani mwaka 2018. Hayo ni ya huko. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kuna vijana wanaouamini.