Maziwa hayaondoi mionzi mwilini

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mpya wa uzamili wa fizikia tiba aliingia chumba cha eksirei na pakiti ya maziwa. Tulikuwa tunapima mashine, zoezi la kawaida: kilovolti 80, chemba ya kupimia mionzi mezani, ndoo ya maji mahali pa mgonjwa. Tulipomaliza akatoboa pakiti akanywa. Nikamuuliza vipi. "Mwalimu, si ya kuondoa mionzi mwilini?" Kijana ana shahada ya fizikia, anakokotoa unene wa madini ya risasi ya kuzuia mionzi ukutani bila kufungua daftari!

Nimeshawajibu manesi, wagonjwa, hata daktari mmoja. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Eksirei hutokea elektroni zinapoigonga tungsteni, metali iliyo ndani ya mashine. Umeme ukikatwa, eksirei imekwisha. Fotoni, yaani chembe za eksirei, zilizokuwa njiani zimeshapita au zimemezwa kabla hujapepesa jicho. Nikamrudisha kijana kwenye ndoo ileile na kipimo mkononi. Akakipitisha juu ya maji, ubavuni, chini ya meza. Kikasoma kilekile kilichosoma kule koridoni.

Kinachoniudhi zaidi ni neno lenyewe. Tunasema "mionzi" kwa kinachotoka kwenye mashine, na "mionzi" hiyohiyo kwa vumbi au dawa inayoitoa. Ni vitu viwili mbalimbali. Mgonjwa aliyechomwa sindano ya teknishiamu-99m, dawa inayotoa mionzi, kwa picha ya mifupa anaondoka na dawa mwilini kweli. Nguvu yake inapungua kwa nusu kila saa 6, na nyingine anaikojoa. Huyo tunamwambia anywe maji mengi. Aliyepigwa eksirei ya kifua hana alichobeba, basi aondoe nini? Na anayetaka kujua maziwa na mionzi vilikutana wapi, aangalie ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, 1986. Iodini-131, iodini inayotoa mionzi, iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wa Ukraine na Belarusi wakanywa maziwa yao, ikaenda kukaa kwenye tezi ya shingo. Miaka iliyofuata saratani ya tezi hiyo ikaongezeka sana kwa watoto wale. Maziwa ndiyo yaliyowapelekea mionzi.

Kinachoweza kubaki baada ya eksirei ni jeraha: DNA, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, iliyokatika ikaungwa vibaya. Hapo vitabu vinachora mstari ulionyooka, kwamba kila dozi, hata iwe ndogo vipi, inaongeza hatari kwa kadiri yake. Kwa dozi zilizo chini ya milisiverti 100 (milisiverti ndicho kipimo cha dozi ya mionzi) takwimu za watu hazijauthibitisha mstari huo kwa uhakika, wala hazijaukanusha. Tunautumia kwa tahadhari, nami naukubali kwa kazi hiyo tu. Mama akiniuliza kama CT ya kichwa, picha ya eksirei ya vipande vipande, itamletea mwanawe saratani, sina jibu la ndiyo au hapana. Namwambia dozi yake ni milisiverti 2 hivi, karibu sawa na ile tunayoipata mwaka mzima kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Hatari ni ndogo, na damu inayovuja kichwani bila kuonekana ni hatari kubwa zaidi. Kila mara natamani ningekuwa na jibu bora.

Lakini maziwa yanaumiza watu kwa njia nyingine. Hospitali moja niliyofanya kazi, watumishi walidai posho ya maziwa mwaka mzima. Beji zao za kupimia dozi zilikuwa zimetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Aproni ya risasi ilikuwa imekunjwa kabatini kama shuka. Niliitandaza mezani nikaipiga picha ya eksirei: ufa mrefu, usawa wa tumbo, kutoka pindo hadi pindo. Waliokuwa wakiivaa walikuwemo wajawazito. Hakuna aliyekuwa amedai aproni.

Kwa hiyo kijana nimempa kazi: apige picha aproni zote 9 za idara yetu, moja baada ya nyingine. Hadi jana jioni alikuwa amemaliza 6. Mbili zina ufa, na moja kati ya hizo ndiyo aliyokuwa akiivaa yeye.