Samaki alipona Jumatano, Jumatatu akafa: kwa nini?

Aliyewahi kufuga samaki sebuleni huenda anakijua kisa hiki. Jumapili unamwona samaki ana vidoa vyeupe mkiani na kwenye mapezi, kama vile kanyunyiziwa chumvi ya mezani. Unakimbilia dukani, unatia dawa. Jumatano asubuhi unawasha taa ya tangi, vidoa hakuna, samaki msafi kabisa, na moyoni unamshukuru aliyekuuzia dawa. Jumatatu inayofuata samaki yule yule kalala ubavu juu ya kokoto, na wenzake watatu wamejaa vidoa mwili mzima.

Dawa ilikuwa feki? Huenda haikuwa feki hata kidogo. Vidoa vile vingeondoka tu hata kama usingetia kitu.

Anayevisababisha ana jina refu, Ichthyophthirius multifiliis, alilopewa na Mfaransa Fouquet mwaka 1876. Maana yake ni chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Kusema kweli si chawa. Ni kijidudu wa seli moja, mwenye vinyweleo mwili mzima anavyovitumia kama makasia. Ila hilo la watoto wengi ni kweli tupu, na ndilo linalowaua samaki wetu.

Kile kidoa si kidonda wala ukungu. Ni kijidudu mwenyewe, amejichimbia chini ya ngozi ya juu ya samaki, anazunguka humo akila. Ngozi imemfunika, kwa hiyo dawa uliyomwaga majini haimfikii. Akishiba hufikia hata milimita moja, ndiyo maana seli moja unaiona kwa macho. Hapo hutoboa ngozi, akatoka na kuzama hadi kwenye kokoto au jani, akajifunga ndani ya utando unaonata. Humo anajigawa: mmoja wawili, wawili wanne, wanne wanane, hadi mamia, pengine elfu moja. Dawa haiupenyi utando huo vizuri. Kisha utando unapasuka, watoto wanatoka mbio kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku mbili hivi, wanakufa.

Hapo ndipo dawa inapowaweza. Wakiwa wanaogelea, hawana ngozi ya samaki ya kujifichia wala utando.

Sasa unaona Jumatano kulikuwa na nini. Vijidudu walikuwa wameshiba wakashuka chini kuzaa. Wewe ukaona samaki kapona, ukaacha dawa siku ile ile ambayo watoto walikuwa wanajiandaa kutoka. Dawa hii haimtibu samaki. Inakaa majini kuwavizia watoto, na lazima iwepo kila siku wanapotoka. Ndiyo maana unaendelea kutibu angalau wiki nzima baada ya kidoa cha mwisho kupotea, hata kama tangi linaonekana zima.

Muda wenyewe unategemea joto. Maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 27, kama yalivyo nyumba nyingi za Dar es Salaam au Mombasa, mzunguko wote humalizika ndani ya wiki. Kwenye nyuzi 10 unaweza kuvuta zaidi ya mwezi. Mtu wa Nairobi mwezi wa Julai, asiye na hita, akitibu siku tano tu na kuacha, kawapa vijidudu likizo. Ndiyo maana wafugaji wengi hupandisha joto polepole, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa, hadi kama 30. Mzunguko unakimbia, na kwenye joto hilo vijidudu wengi hushindwa kabisa kushika samaki. Lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: lita moja ya maji ya nyuzi 20 hushika kama miligramu 9, ya nyuzi 30 kama 7.5. Na samaki huyu tayari matamvua yake, anayopumulia, yameliwa na vijidudu. Pampu ya hewa iongezwe kabla ya hita. Samaki wa dhahabu usimpeleke huko, hapendi joto. Yeye mtibu kwa chumvi.

Chumvi ya kawaida, isiyo na viungo, gramu 2 hadi 3 kwa kila lita. Tangi la lita 60 linataka gramu 120 hadi 180. Iyeyushe kwanza kwenye jagi, uigawe kwa siku mbili. Usimwage konzi nzima juu ya kichwa cha mgonjwa. Chumvi inawaumiza watoto wa kijidudu, na pia inampumzisha samaki. Damu ya samaki wa mtoni ina chumvi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku kupitia matamvua, na figo zake hukojoa bila kukoma. Ngozi ikishatobolewa, maji huingia zaidi. Chumvi kidogo nje inampunguzia mzigo. Mimea mingi na baadhi ya kambare wadogo hawaipendi, hao waangalie.

Mimi mara ya kwanza nilishauriwa nifungue kapsuli mbili za tetrasaiklini, antibayotiki ya kuua bakteria, zile za binadamu, nimwage humo. Nikafanya. Maji yakawa ya njano, juu povu, na siku ya tatu samaki wote walikuwa juu wakihema midomo nje. Vijidudu vya vidoa si bakteria, kwa hiyo kapsuli hazikuwahusu. Ila ndani ya chujio, kwenye sponji lile chafu, ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia, taka yenye sumu inayotoka kwenye matamvua ya samaki, kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Antibayotiki inaweza kuwaua hao. Kuwarudisha ni kazi ya wiki nne hadi sita. Nilikuwa nimewatilia wagonjwa sumu yao wenyewe.

Basi kabla ya dawa yoyote, vuta uchafu wa chini kwa mpira, kwa sababu kila utando ulionatia kwenye kokoto una mamia ya watoto. Badilisha robo ya maji kila siku au siku ya pili, kwa maji yenye joto sawa, yaliyotolewa klorini. Mkaa wa chujio utoe, maana hunyonya dawa. Dawa zenye shaba huua konokono na kamba. Malakaiti ya kijani, rangi inayotumika kama dawa, inafanya kazi, lakini vaa glavu, na usiikaribishe kwa samaki wa kuliwa. Umoja wa Ulaya hauiruhusu kwa samaki hao.

Na usisubiri vidoa. Samaki anayejikuna kwenye mawe, anayepumua haraka, aliyekunja mapezi, huenda kijidudu yuko kwenye matamvua ambako huoni. Wengine hufa bila kidoa hata kimoja.

Mtu ataniuliza mbona samaki wa Ziwa Nyasa au Tanganyika, ambao ndio mababu wa rangi nyingi za matangini mwetu, hawaishi kwa chumvi na hita. Ziwani mtoto wa kijidudu ana siku mbili kutafuta samaki katika maji mengi mno, na wengi hufa njiani. Kwenye lita 60 hawezi kumkosa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Samaki aliyenusurika hupata kinga, lakini anaweza kubaki na kijidudu mmoja mmoja mwilini bila kuonyesha. Unamleta mgeni kutoka dukani, baada ya siku tano mgeni ana vidoa, wenyeji wazima, unamlaumu muuzaji. Huenda aliyemwambukiza ni yule mkongwe wako unayemjua kwa jina. Au kinyume chake, mgeni ndiye kaleta. Siku hizi mgeni namweka kwanza kwenye ndoo yake jikoni, wiki tatu, na wavu wake peke yake, usiogusa maji ya wengine.