Kabla hujang'oa injini ya Landrover au mkonga wako, ipime kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Mbeya ni hili: fundi nina Landrover 109, au nina mkonga wa zamani, yaani Land Cruiser ya kazi, injini imechoka, nifunge injini gani? Watu wanakuja na jibu tayari, mmoja kaambiwa afunge Isuzu, mwingine kaona jamaa kaweka 1KZ, injini ya dizeli ya Toyota Prado, inavuta kweli, ila ni wachache wanaouliza kwanza kama iliyopo imekufa. Mi kwa ninavyoziona, nyingi zinazoletwa kubadilishwa bado ni nzima, kilichokufa ni pampu ya dizeli, nozo zinazopuliza dizeli ndani ya injini, au rejeta, au ni hii milima yetu tu.

Milima kivipi? Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kitulo unafika 2,600. Hewa huku ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani ile feni ya kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Sasa chukua 1HZ, ile ya silinda 6 ya Land Cruiser, cc 4164, haina tabo, pampu yake imesetiwa Dar usawa wa bahari, ipandishe zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba na magunia ya mbolea nyuma. Dizeli inayoingia ni ileile ila hewa ya kuichoma imepungua, kwahiyo moshi mweusi tii, nguvu hamna, joto linapanda, mwenye gari anasema injini imeisha. Haijaisha bana! Peleka pampu kwa fundi pampu aisome na kupunguza mafuta, nozo zipimwe, filta ya hewa ibadilishwe, af ndo tuongee mambo ya injini.

Jinsi ninavyopima. Gari inakuwa imelala, ya baridi kabisa, naiwasha mwenyewe naangalia moshi. Mweupe unaouma macho ukipotea baada ya muda mfupi sina wasiwasi sana, usipopotea naanza kuwaza nozo au kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, wa bluu ni oil inaungua. Ikishapata moto naiacha ingurume bila kukanyaga mafuta, nafungua kifuniko cha oil nakigeuza juu chini nakilaza palepale kwenye tundu. Kikitetemeka tu na kukaa, ringi za pistoni bado zina maisha. Kikirushwa na moshi ukatoka kwa mapigo, hapo kuna kazi. Mwisho geji ya kompresheni, silinda moja moja, na ninachotafuta zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, maana tano zikiwa sawa na moja ipo chini hiyo inaweza kuwa valvu au gasketi tu, na kwa ajili ya valvu hung'oi injini nzima.

Kuna mzee mmoja wa viazi kutoka Makete alileta Land Cruiser Hardtop yake, yenye 1HZ, ilikuwa inachemsha kila mlima. "Mwanangu, injini nimeshaipata Dar, we nifungie tu." Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, niachie mpaka jioni niipime kwanza." Kompresheni ikawa safi. Rejeta tulipoifungua, mirija mingi imeziba kwa kutu na chokaa ya maji ya mtoni, na ile klachi ya feni ukiizungusha kwa mkono inazunguka bure kabisa. Tukabadilisha hivyo viwili pamoja na thamostati, hela ya injini akabaki nayo.

Na kama unataka 1HZ iwe na nguvu, tafadhali usiifungie tabo hivihivi. Uwiano wake wa kubana hewa ni 22.4 kwa 1, ndugu yake 1HD-T iliyotoka kiwandani na tabo ni 18.6, tena ya kwake dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni wakati 1HZ inaanzia kwenye kichumba cha pembeni ndani ya hedi. Ukiisukumia hewa na mafuta mengi hedi inapasuka. Bora kutafuta 1HD-T yenyewe, bloku ni ya familia moja na gia boksi inakubali, ila za mwanzo zina ugonjwa wa beringi za koni rodi, zibadilishe kabla hujaifunga.

Sasa Landrover za zamani, zile zinazoitwa Series kama hiyo 109, hapo naongea tofauti. Ile dizeli ya cc 2286 hata ikiwa mpya ni dhaifu kwa milima ya huku, na kupata spea nzuri ni kazi. Hapo badilisha tu, sikuzuii. Chaguo langu la kwanza ni 300Tdi, dizeli ya tabo ya Landrover yenyewe, cc 2495, hp 111, pampu ya kawaida isiyohitaji kontrol boksi, ila zile za mwanzo angalia belti ya taimingi kama inalika upande mmoja. Isuzu 4JB1 nayo naiheshimu sana, taimingi yake ni gia, hakuna belti ya kukatika porini. 1KZ siipendi kwa kazi ya mizigo milimani, hedi yake ni ya alumini, ikichemsha vibaya mara moja inapasuka.

Kazi yenyewe ipo kwenye kuunganisha. Pleti ya kuunganishia gia boksi ichongwe mashine shop, isikatwe kwa jicho, ikipinda kidogo tu inakula beringi ya shafti ya gia na hutajua tatizo limetoka wapi. Angalia sampu, lile bakuli la oil chini ya injini, isigongane na ekseli ya mbele gari ikidumbukia kwenye shimo. Shafti za nyuma za Series hazikutengenezwa kwa nguvu hiyo, kanyaga kwa adabu au zibadilishe.

Na breki! Kwenye 4JB1 pampu ya vakyumu, inayoendesha buster ya kulainisha pedali ya breki, inakaa nyuma ya alteneta. Mtu akiunguza alteneta anafungiwa ya bei rahisi isiyo na pampu, chaji inaingia vizuri anafurahi, af anashuka Mlima Nyoka na mzigo anakuta pedali ni ngumu kama jiwe. Gari ikiwa na buster, ukibadilisha injini au alteneta, hakikisha hiyo pampu ipo na inavuta.

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwahiyo nunua injini yenye risiti na nyaraka zake na upeleke TRA taarifa zibadilishwe mapema, usisubiri siku ya kuuza.

Kwa wanaoleta gari kupimwa, ilete jioni ilale hapa gereji, asubuhi mtu asiiguse mpaka nifike niiwashe mimi.