Faili mbili, jina moja: kompyuta iulizeje?

Kamera nyingi za dijitali huzipa picha majina yanayoishia na tarakimu nne, kuanzia 0001 hadi 9999, kisha huanza upya. Ndiyo maana mtu anayehamisha picha kutoka kadi ya kumbukumbu anaweza kujikuta na IMG_0412.JPG mbili zisizohusiana hata kidogo: moja ya mahafali, nyingine ya paka. Jina likishachukuliwa, programu husimama na kuuliza. Ikiuliza vibaya, moja ya picha hizo inapotea.

Kidirisha cha Windows XP kilichouliza kama faili ya zamani ibadilishwe na mpya kilikuwa na vitufe vinne: Ndiyo, Ndiyo kwa Zote, Hapana na Ghairi. Kitufe cha "Hapana kwa Zote" hakikuwepo. Ilikubidi ushikilie Shift huku ukibofya Hapana, jambo ambalo wachache walilijua. Kwa maneno mengine, kufuta faili mia kulihitaji mbofyo mmoja, kuzinusuru kulihitaji siri. Windows Vista ilipotoka ikaleta maelezo marefu kwenye vitufe pamoja na chaguo la kubakiza faili zote mbili, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunyooka.

Mtumiaji hasomi kidirisha, anakipitia kwa jicho na kutafuta pa kubofya. Kwa hiyo kitufe kibebe kitendo chenyewe: "Badilisha", "Ruka", "Bakiza zote mbili". Neno "Ndiyo" halina maana mpaka urudi kusoma swali. Juu ya vitufe, weka faili hizo mbili ubavu kwa ubavu, kila moja na kijipicha chake, ukubwa, tarehe na folda inakotoka, na iliyo hatarini iandikwe wazi kwamba ndiyo itakayofutwa. Akiona paka na mahafali, hahitaji kuelezwa zaidi.

Tarehe itumike kwa tahadhari. Flashi nyingi hutumia mfumo wa kupanga faili uitwao FAT, ambao hurekodi muda wa kubadilishwa kwa hatua za sekunde mbili, tena kwa saa za mahali bila kutaja ukanda wa saa. Faili ileile iliyokwenda kwenye flashi na kurudi inaweza kuonekana "mpya zaidi" bila kuguswa na mtu. Msanidi wa programu anayeweka alama ya "mpya" kwa tofauti ya sekunde moja anamdanganya mteja wake.

Afadhali zaidi, usiulize kabisa pale pasipo na cha kuamua. Ukubwa ukitofautiana, faili ni tofauti. Ukilingana, linganisha yaliyomo. Zikiwa sawa baiti kwa baiti, endelea na kazi, kisha mwishoni taja ni ngapi zilizorukwa. Zile zenye utata wa kweli zikusanye uziulize kwa pamoja baada ya nyingine kupita. Hakuna kinachoudhi kama kuacha kazi ya faili elfu mbili ikiendelea, ukarudi ukakuta imekwama kwenye faili ya tatu ikikusubiri.

Folda ndizo zenye madhara makubwa. Ukinakili folda juu ya nyingine yenye jina hilohilo, Windows huziunganisha; kwenye Mac, ukichagua kubadilisha, Finder, programu yake ya kushughulikia faili, huondoa folda ya zamani na vyote vilivyomo. Aliyezoea mfumo mmoja akihamia mwingine hana namna ya kubashiri hilo kutokana na kitufe. Mwambie kwa hesabu: "Faili 38 zilizo kwenye folda ya zamani pekee zitafutwa." Sentensi hiyo fupi inafanya kazi kuliko pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao.

Ghairi nayo ina utata wake. Kuhamisha ndani ya diski moja kwa kawaida ni kubadilisha anwani tu, lakini kwenda diski nyingine ni kunakili kisha kufuta. Ukikatiza katikati, baadhi ya faili ziko kule na nyingine zimebaki huku. Kitufe kiitwe "Simamisha", na ujumbe useme ngapi zimeshahama.

Mwisho, kitufe cha Enter kisielekezwe kamwe kwenye "Badilisha". Faili iliyofutwa kwa kuandikiwa nyingine juu yake kwa kawaida haipitii pipa la taka, haina pa kuokotwa. Programu inayoweza kuipeleka pipani kwanza, na ifanye hivyo hata kama itachukua nafasi zaidi ya diski.