Blanketi zito: dhana potofu na ukweli wake

Kwa macho ni blanketi la kawaida lililoshonwa miraba. Ukilinyanyua ndipo unajua: kila mraba ni kijimfuko chenye chembe za kioo au plastiki, na la mtu mzima kwa kawaida lina kilo 5 hadi 12. Kazi yake ni moja tu, kuukandamiza mwili kwa upole na kwa usawa. Maneno yanayolizunguka ni mengi kuliko kazi hiyo.

"Likizidi uzito, usingizi unanoga zaidi"

Anza na asilimia 10 hivi ya uzito wako. Mwenye kilo 60 achukue la kilo 6. Mwenye kilo 75, la 7 au 8. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua jepesi. Asilimia hiyo ni mazoea ya watengenezaji, si sheria, kwa hiyo mtu wa kilo 120 hana sababu ya kujitwika kilo 12. Lililozidi utalijua asubuhi: vidole vya miguu vinauma, mabega yamekakamaa, au blanketi liko sakafuni kwa sababu ulilisukuma usingizini. Kabla ya kulipa, lala chali ujaribu kulitupa kando kwa mkono mmoja. Ukishindwa, hilo si lako.

Siku za mwanzo usilale nalo usiku kucha. Litandaze kuanzia miguuni hadi kiunoni kwa dakika 20 au 30 kabla ya kuzima taa, kisha ulipandishe kidogo kidogo hadi kifuani. Shingoni na usoni halifiki kamwe.

"Nunua kubwa, mlale wawili"

Hapa wengi hupoteza fedha. Uzito wa kwenye lebo ni wa blanketi zima, na unagawanyika kwa eneo lake lote. La kilo 7 lenye sentimita 140 kwa 200 linakupa kilo 2.5 kwa kila mita mraba. La kilo 9 lenye 200 kwa 220 linakupa kama kilo 2 tu, ingawa umelipia zaidi. Isitoshe, upande unaoning'inia nje ya godoro huvuta ule mwingine, na ikifika saa nane usiku limeshateremka. Kila mtu na lake, na lisizidi upana wa godoro.

"Linatibu kukosa usingizi"

Linawasaidia baadhi ya watu. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha watu 120 wenye shida ya usingizi pamoja na maradhi kama sonona na wasiwasi. Kwa wiki nne, waliotumia la kilo 6 hadi 8 walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa la kilo 1.5. Matokeo mazuri, ila huwezi kumficha mtu kwamba amefunikwa kilo 8, na matarajio nayo yana nguvu. Utafiti wa Uingereza wa 2014 kwa watoto wenye usonji haukuona nyongeza ya muda wa kulala, ingawa watoto na wazazi walilipenda blanketi hilo. Kutulia ni jambo moja, saa za usingizi ni jingine.

Mwenye pumu, anayekatikiwa pumzi usingizini au mwenye shida ya mzunguko wa damu amwone daktari kwanza.

"Mtoto naye atatulia"

Mtoto mchanga, hapana, kwa uzito wowote. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema wazi mwaka 2022: si blanketi, si nguo ya kulalia, si kitambaa cha kumviringishia chenye uzito. Mwaka huohuo, North Carolina, wasichana wawili wa miaka 4 na 6 walifariki baada ya kunaswa ndani ya kava ya blanketi zito la watoto. Mtoto hufungua zipu, huingia, hashindwi kuingia, hushindwa kutoka. Kwa mtoto mkubwa, ushauri wa mtaalamu ni lazima, na yeyote asiyeweza kulitoa mwenyewe, akiwemo mzee dhaifu au aliyepooza, asifunikwe.

"Kwenye joto halitumiki"

Kinacholeta joto zaidi ni kitambaa na unene, si kilo zenyewe. Kioo ni kizito zaidi ya mara mbili kuliko plastiki kwa ujazo uleule, kwa hiyo blanketi la kioo huwa jembamba. Kwa Dar es Salaam au Mombasa tafuta la chembe za kioo, pamba pande zote mbili, lisilo na manyoya, na ulitumie miguuni tu feni ikizunguka. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Blanketi likiteleza ukingoni hukichomoa na mbu wanaingia.

"Fundi akijaza mchele ni yaleyale"

Mchele hunyonya jasho, hushika fukusi na haufuliki. Mchanga huvujisha vumbi. Chembe za kioo au plastiki ndizo zinazofaa, na hesabu yake ni rahisi. Blanketi la 140 kwa 200 lenye miraba ya sentimita 10 lina miraba 280. Ukitaka kilo 7 na vitambaa vyenyewe vina kilo 1.4, zinabaki kilo 5.6, yaani gramu 20 kwa kila mraba. Zipime kwa mizani ya jikoni. Fundi ashone pande tatu, kisha mistari ya wima, amimine gramu 20 katika kila mfereji, azitikise zishuke chini, abane kwa pini, ndipo ashone mstari wa mlalo. Asipobana, sindano hugonga chembe na kuvunjika. Miraba ikiwa mikubwa mno, chembe hukusanyika kona moja na uzito hausambai.

"Lifue kama shuka"

Fua kava peke yake. Blanketi lenyewe lipanguse kwa kitambaa chenye sabuni penye doa tu, kwa sababu la kilo 7 likishalowa huilemea mashine ya kilo 7. Usilianike kwa ncha mbili kwenye kamba, mishono itafumuka. Litandaze juu ya kamba tatu au nne, au kwenye mkeka kivulini. Lenye chembe za plastiki lisiguswe na pasi.