Gharama halisi ya gari ya kazi ni nini, na kwanini hela ya mafuta siyo jibu

Ukimuuliza fundi wa AC au friji hapa Tanga kirikuu yako, ile pikapu ndogo ya kazi, inakula shingapi kwa mwezi, atakutajia hela ya mafuta. Mi mwenyewe nilijibu hivohivo miaka mingi tu. Asubuhi naingia sheli naweka ya elfu kumi au kumi na tano, jioni nahesabu nilichopata, natoa ile ya mafuta, kinachobaki naita faida na naenda nacho nyumbani, afu siku tairi mbili zimeisha kwa mpigo au klachi imegoma pale Kange ndo naanza kuzunguka kukopa na kusema nimepata mkosi. Haukuwa mkosi. Ile tairi ilikuwa inaisha kidogo kidogo tangu siku nimeifunga, na kila mteja niliyemfuata Sahare au Pongwe alikuwa anaila kipande na hakuna aliyeilipia.

Sasa gharama halisi ya gari ya kazi maana yake ni hii: kila shilingi ambayo gari inakula, uwe umeitoa leo mfukoni au utakuja kuitoa mwakani, yote kwa pamoja, halafu unaigawa kwa kilomita ulizotembea. Unapata namba moja, kilomita moja ya gari yako ni shilingi ngapi. Kwa fundi anayefuata kazi kwa watu hiyo namba ina maana kuliko hata bei uliyonunulia gari.

Tuifanye hesabu, namba ni za mfano, we weka zako. Tuseme kirikuu umeinunua milioni 9, unatembea kilomita 1,200 kwa mwezi, na petroli tuweke 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Ikienda kilomita 12 kwa lita unachoma lita 100, hiyo 300,000. Kumwaga oili na filta kila kilomita 5,000 kwa laki moja, kwa mwezi inakuja 24,000. Tairi nne za 360,000 zikikaa kilomita 30,000, mwezi ni 14,400. Matengenezo ya kawaida, brekipedi, bushi, bolijointi, shokapu, kuna mwezi hutoi hata mia na kuna mwezi unatoa laki tatu, kwahiyo weka wastani wa 80,000. Bima ndogo ya 150,000 kwa mwaka ni 12,500 kwa mwezi. Kuosha na maegesho 30,000.

Bado moja, na hiyo ndo inayotumaliza. Uchakavu. Gari uliyonunua milioni 9 ukiitumia miaka mitano ukaja kuiuza milioni 4, ile milioni 5 haijapotea hewani, umeitumia, umeila kwenye kazi, ni 83,300 hivi kila mwezi kwa miezi 60. Hakuna mtu anakuja kukudai, hakuna risiti, hakuna sheli ya uchakavu, ndo maana hatuuoni. Unakuja kuuona siku gari imechoka kabisa na unatafuta nyingine na huna hata milioni moja pembeni, wakati umefanya kazi miaka mitano bila kupumzika. Nimeona mafundi wazuri sana, watu wa mikono hasa, wamerudi kubeba ngazi kwenye bodaboda kwa sababu hiyo tu na inaniuma kwa kweli.

Jumlisha zote inakuja kama 544,000 kwa mwezi. Gawa kwa 1,200, unapata kama shilingi 453 kwa kilomita, wakati mafuta peke yake ni 250. Yaani mtu anayehesabu mafuta tu anaona nusu na kidogo ya gharama yake, ile nyingine anaitoa kwenye mtaji bila kujua.

Na siyo sisi tu wenye magari ya mtumba. Marekani mamlaka yao ya kodi kila mwaka inatoa kiwango cha kukadiria gharama ya gari ya kazi, mwaka 2024 ilikuwa senti 67 kwa maili, na ndani ya hizo senti 67 wao wenyewe wamehesabu senti 30 ni uchakavu. Karibu nusu! Hapa kwetu pia sheria ya kodi ya mapato inautambua, gari ndogo za kazi zipo kundi la asilimia 37.5 kwa mwaka kwa thamani inayobaki, kwahiyo kama unaandaa mahesabu ya TRA ile gari ya milioni 9 mwaka wa kwanza unaandika uchakavu wa 3,375,000. Watu wa kodi wanauona uchakavu wa gari yako, we mwenye gari ndo huuoni.

Kuna wanaosema siku hizi gari haina ada ya mwaka. Kweli ile rodi laisensi ilifutwa 2017, ila mwaka huohuo kodi ya mafuta ikaongezwa shilingi 40 kwa lita, kwahiyo unailipa kila ukiingia sheli, na anayetembea sana analipa sana. Pia EWURA, wale wanaosimamia bei ya mafuta, wanatangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi na namba yako ya kilomita usiiache ileile ya mwaka jana.

Tanga ina mambo yake. Chumvi ya bahari. Ukiwa na wateja wengi Raskazone au unashinda kwenye mahoteli ya Pangani, gari inaliwa na kutu chini, chasisi, mabomba ya breki, sakafu ya bodi, na kutu haijali umetembea kilomita ngapi, inakula hata gari ikiwa imelala. Kumwagia maji yasiyo na chumvi chini kila wiki na wengine kupaka oili chafu ni hela ndogo ukilinganisha na kuchomelea bodi. Halafu mzigo. Kirikuu nyingi zina injini ya cc 660 na kwao Japani kirikuu za aina hiyo zimewekewa mwisho wa kubeba kilo 350, sasa we una mitungi ya gesi, vakyumu pampu, ngazi, mashine ya kuchomelea, na kompresa mbovu tatu unazunguka nazo tangu mfungo wa Ramadhani, hizo zinakula mafuta na shokapu kila siku bure. Shusha.

Kingine ambacho sikukijua mpaka nilipoanza kuandika kilomita kwenye kijitabu ni safari ya pili. Umeenda Raskazone, umefungua AC, kumbe kapasita, kile kifaa kidogo kinachosaidia kompresa kuwaka, imekufa na kwenye gari huna, unarudi Ngamiani kununua na kurudi tena, kama kilomita 8. Kwa namba yetu hiyo ni 3,600 na ushee, zaidi ya saa nzima imeondoka, kijana wako amekaa kwenye ngazi anakusubiri na mteja wa pili wa Makorora keshapiga simu kwa fundi mwingine. Mwezi ule nilihesabu safari za pili kumi na moja. Sasa hivi natembea na boksi la kapasita za saizi zinazoisha haraka, termostati mbili tatu na rilei, limenilipa kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Na siyo kila kazi inataka gari. Mji wetu ni tambarare, watu wa Tanga na baiskeli mnajua wenyewe, kazi ya kukagua friji Barabara ya 12 haitaki kirikuu, kijana anaenda na baiskeli na begi la vifaa, gari inabaki kwa kazi yenye mzigo.

Nilivyogundua yote haya ni kwa mama mmoja wa Muheza anayeuza askrimu za vijiti. Nilimsalimia, nikamtengenezea friza lake, akaniuliza, "Baba, na nauli yako shingapi?" Nikamwambia elfu ishirini tu mama. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 75, mafuta 18,750, nikajiona nimepata cha juu. Usiku nimekaa na kijitabu, 75 mara 453 inakuja karibu 34,000. Nilimtoza 20,000. Elfu 14 nimezitoa kwenye tairi zangu mwenyewe nikamzawadia, na yeye hakuomba, angelipa tu ningemwambia mapema kwenye simu. Siku hizi namwambia mteja wa mbali kabla sijawasha gari, usafiri Muheza ni 35,000, ukiweza kusubiri Alhamisi ninapokuja kwa wengine mnagawana. Wengi wanasubiri.

Ile 453 ukitoa 250 ya mafuta inabaki 203, hiyo siyo yangu, ni ya gari. Jioni naangalia dashibodi nimetembea ngapi, nazidisha, naiweka kwenye laini ya simu ambayo sitembei nayo. Leo ni kilomita 46, inakuja 9,338, nimeweka 9,500.