Baba, weka hiyo chupa chini kwanza

Kila ninapofundisha wazazi wanaotarajia mtoto, hakosi baba mmoja wa kusema kwamba naye anataka kushiriki katika kunyonyesha, kwa hiyo zamu ya usiku ataichukua yeye: mama alale, yeye atampa mtoto chupa. Wengine hutikisa vichwa kukubali, na mama hutabasamu kwa shukrani. Majuzi nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtaalamu mwenzangu aliyekuwa akiwafundisha wazazi jambo hilo kama ushauri wa kitaalamu. Hapo uvumilivu wangu uliishia.

Nia ya huyo baba ni njema kabisa. Lakini kwa wiki za mwanzo ushauri huo ni mbaya, na hubomoa kilekile anachotaka kukisaidia.

Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na manyonyo ya usiku yana uzito wake, maana prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Maziwa yakibaki ndani kwa muda mrefu, titi hupunguza kasi. Sasa fuatilia usiku wenyewe. Saa nane baba anaamka, anampa mtoto chupa, mama amelala. Alfajiri mama anaamka matiti yamejaa, ngozi imevutika hadi inang'aa, chuchu imekuwa bapa. Mtoto akiwekwa hashiki vizuri. Anateleza, anabaki kwenye ncha ya chuchu na kuitafuna. Chuchu inachanika. Maumivu na wasiwasi vinazuia oksitosini, homoni inayoshusha maziwa; maziwa hayashuki, mtoto analia. Mtu anasema, "Labda hayatoshi." Chupa ya pili inatayarishwa. Na kama mama aliamka saa nane ileile ili akamue, basi niambieni, nani aliyepumzika?

Simzungumzii mtoto aliyeagizwa na daktari aongezewe maziwa. Huyo aongezewe, na mama asibebeshwe lawama. Wala sina ugomvi na maziwa yaliyokamuliwa unyonyeshaji ukishatulia, kwa wengi baada ya wiki 4 hadi 6. Ugomvi wangu ni na wazo kwamba baba, kwa kuwa hana titi, mchango wake lazima upitie kwenye chupa.

Zamu ya usiku ipo, na ni ya baba kweli. Mtoto akianza kugeuza kichwa na kulamba midomo, kabla hajalia, baba ainuke, ambadilishe nepi, amlete kwa mama aliyelala ubavu. Akimaliza, baba amchukue, ambeulishe, amrudishe kulala. Asipolala, amvue abaki na nepi, amweke kifuani ngozi kwa ngozi, awafunike wote wawili. Mama aliyezaa kwa upasuaji na hawezi kumpakata mtoto mara moja, kifua cha baba hufanya kazi hiyo tangu saa ya kwanza: kumpa joto na kumtuliza, mpaka mama awe tayari kunyonyesha.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulipita haraka. Mama anayenyonyesha anatazama kutoka juu. Haoni mdomo wa chini wa mtoto, na mara nyingi hakioni kidevu. Baba akichuchumaa pembeni anaviona vyote. Namfundisha atazame hivi: mdomo umefunguka wazi, mdomo wa chini umebinuka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Kisha asikilize. Mwanzoni mtoto hunyonya harakaharaka. Maziwa yakishuka mwendo unakuwa wa polepole na mzito, na kumeza kunasikika. Milio ya kupiga ulimi, au mashavu yanayobonyea ndani, maana yake mtoto atolewe na kuwekwa upya. Baba aliyefundishwa hivyo mara moja huweza kumsaidia mke wake siku ambayo mimi sipo.

Ninachosisitiza kuliko yote ni hilo neno "labda hayatoshi". Mara nyingi baba ndiye wa kwanza kuambiwa, na jibu lake lina nguvu kuliko mhadhara wangu. Kwa hiyo lazima ajue ishara. Kuanzia siku ya 5 hivi, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24. Uzito hupungua siku za mwanzo, kisha mtoto hurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2 hivi. Kunyonya mfululizo jioni si dalili ya njaa isiyoisha. Matiti kuwa laini baada ya wiki kadhaa si dalili ya kukauka. Lakini nepi zikiwa chache, mtoto akilala mno hata kuamshwa ni shida, au umanjano wa ngozi na macho ukizidi, wasikae nyumbani kubishana. Waende hospitali.

Italia walilijaribu hili la kumfundisha baba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Akina mama wote walipata ushauri; tofauti ilikuwa kwa akina baba, ambapo kundi moja lilifundishwa kuzuia na kutatua matatizo ya kawaida ya kunyonyesha. Katika miezi 6, waliokuwa bado wananyonyesha kikamilifu walikuwa asilimia 25 upande wa waliofundishwa, dhidi ya asilimia 15. 

Hata hivyo nina mashaka ambayo sijayamaliza. Baadhi ya akina baba wakishafundishwa hugeuka wakaguzi: wanahesabu dakika, wanamsahihisha mama mbele ya wageni, wanamnukuu nesi. Mama huyo ameongezewa msimamizi, hakupewa msaidizi. Na wapo wanawake ambao hawasemi ukweli mume akiwa chumbani. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kuwashirikisha wanaume katika afya ya mama na mtoto mchanga mwaka 2015, liliweka sharti kwamba uamuzi na uhuru wa mwanamke viheshimiwe. Kliniki inayomhudumia kwanza mwanamke aliyekuja na mume, na kumwacha kwenye benchi aliyekuja peke yake, imelivunja sharti hilo hata kama takwimu zake zinapendeza.

Ndiyo maana siku hizi naanza na mama peke yake. Namuuliza anataka mume wake afanye nini hasa. Mmoja husema awazuie wageni. Mwingine anataka ashike shughuli za mtoto mkubwa, ila asimsimamie akinyonyesha. Baba akiingia namkabidhi kazi hizo kwanza, kisha ndipo namwonyesha mdomo na kidevu, iwapo mama ameridhia. Baadhi ya akina baba huchukia kusubirishwa nje. Nawaomba wasubiri.